Kipanya cha nyumbani: raha yake na hatari yake



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya gari. Si gari la kifahari, wala si mashangingi ya wakubwa ambayo tumeshayazungumzia mara nyingi. Nataka tuzungumze juu ya Toyota HiAce, lile lile tulilozoea kuliona likibeba abiria, lakini safari hii likiwa na namba za njano za gari la mtu binafsi, na ndani yake wamo baba, mama, watoto sita, bibi mzaa baba na binti anayesaidia kazi za nyumbani. Hapana konda anayening'inia mlangoni wala maandishi ya njia ubavuni. Simama siku ya Jumapili asubuhi kando ya Barabara ya Morogoro au ile ya Bagamoyo utayaona. Katika wiki mbili za mwisho wa mwaka, watu wa Kaskazini wanapokwenda nyumbani "kuhesabiwa", utayaona zaidi.

Wapo wanaocheka. Husema fulani amekosa fedha ya kununua gari ndogo ya heshima akaamua kununua daladala. Cheko hilo lina asili yake. Tangu mwaka 1983, Serikali iliporuhusu watu binafsi kusaidiana na shirika la UDA kusafirisha abiria wa Dar es Salaam, sisi wakazi wa mjini tumelijua gari la aina hii kwa sura moja tu, yaani sura ya kubanana. Tuliyaita vipanya. Wenzetu wa Arusha waliyaita vifodi, na jirani zetu wa Nairobi huyaita Nissan hata pale ambapo gari lenyewe ni Toyota. Kwa hiyo mtu akiliona limeegeshwa uani kwa jirani, swali lake la kwanza ni: linakwenda njia gani?

Hebu tuweke cheko pembeni tufanye hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Wastani huo ni kweli, lakini wastani haupandi gari. Wanaopanda gari ni watu, na wapo wengi miongoni mwetu ambao nyumbani kwao wanalala watu tisa au kumi, kwa sababu pamoja na watoto wa kuzaa wapo watoto wa marehemu kaka, yupo mdogo wa mke anayesoma chuo, na yupo mama mzazi aliyeletwa mjini kwa matibabu na bado hajaambiwa arudi. Familia ya namna hiyo ikiwa na gari ndogo ya watu watano, kila safari huwa ni kesi. Ama wengine wabaki, ama wabebane.

Na hapo kwenye kubebana ndipo penye jambo zito. Tumezoea kumpakata mtoto kwenye kiti cha mbele, tukiamini kwamba mikono ya mama haishindwi. Mikono ya mama inashindwa. Gari linapokwenda kilomita 50 kwa saa likagonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 huvutwa kwenda mbele kwa nguvu inayopita uzito wa mifuko miwili ya saruji. Hakuna mzazi, awe mbeba mizigo wa bandarini, anayeweza kuizuia nguvu hiyo kwa mikono kwa muda wa kupepesa jicho. Anachoweza kufanya, kama naye hakufunga mkanda, ni kumkandamiza mwanawe kwa mwili wake mwenyewe. Kwa sababu hiyo anayenunua gari la kumtosha kila mmoja kwa kiti chake na mkanda wake hafanyi anasa hata kidogo.

Lakini nisieleweke vibaya. Kama mko saba au wanane, hamhitaji HiAce. Toyota Noah, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 2001, huchukua watu hao, hutumia mafuta kidogo zaidi, huegesheka Kariakoo bila ugomvi, na dereva wake hukaa nyuma ya injini badala ya kukaa juu yake. Ninaowazungumzia leo ni wale ambao wakihesabu vichwa wanapita wanane.

Sasa tuingie kwenye kiini cha mambo. Ukienda kutafuta HiAce utaambiwa na muuzaji kwamba zote ni sawa, tofauti ni rangi tu. Si kweli hata kidogo. HiAce zimetengenezwa tangu mwaka 1967, na zile zinazotafutwa siku hizi ni za umbo lililoanza mwaka 2004. Za umbo hilo, huko Japani, ziligawanyika katika makundi matatu. Liko kundi la kubeba mizigo, ambalo hutoka kiwandani na siti za mbele na kwa kawaida benchi moja tu nyuma yake, halafu sakafu tupu. Liko kundi la gari la abiria wachache, watu 10 pamoja na dereva. Na liko kundi la basi dogo la watu 14.

Idadi hiyo ya 10 haikuja kwa bahati. Japani, mwenye leseni ya kawaida haruhusiwi kuendesha gari linalochukua zaidi ya watu 10, naye dereva akihesabiwa. Na katika orodha ya ushuru wa forodha inayotumiwa na nchi nyingi duniani, ikiwamo Jumuiya ya Afrika Mashariki, gari la kuchukua watu 10 au zaidi, dereva akiwamo, huwekwa katika fungu la mabasi. Lenye nafasi pungufu ya hapo huwekwa katika fungu la magari madogo. Maana yake ni kwamba siti moja tu inaweza kubadilisha hesabu yako ya bandarini, kwa hiyo muulize wakala wa forodha kabla gari halijapakiwa melini, maana viwango vyenyewe hubadilika bungeni kila mwezi Juni.

Utayatambuaje makundi hayo? Ipo sahani ndogo ya chuma yenye namba ya chasisi, na namba hiyo hiyo imo katika hati za kutoka Japani. Humo yapo pia maandishi ya aina ya gari, kwa mfano TRH200V, au TRH214W, au TRH223B. Iangalie herufi ya mwisho. V ni gari la mizigo. W ni gari la abiria. B ni basi. Herufi hiyo moja ina maneno mengi kuliko muuzaji.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu magari mengi yanayouzwa kwetu kama ya abiria yalizaliwa ya mizigo. Hununuliwa kwa bei nafuu, yakifika hupelekwa gereji, pale hutobolewa sakafu, huchomelewa mabomba ya chuma, huwekwa sponji na ngozi nzuri yenye nakshi, na mwisho hutoka na siti 14 au zaidi. Ukiingia ndani unanusa upya. Watoto watashangilia. Lakini siti hiyo imeshikwa na nini? Katika gari lililotoka kiwandani likiwa la abiria, miguu ya siti hufungwa kwa boliti kwenye sehemu za sakafu zilizoimarishwa kwa ajili hiyo, na mkanda hufungwa kwenye mwili wa gari mahali palipopimwa. Katika gari la kuchomelea, mara nyingi siti imeshikilia bati jembamba la sakafu. Gari likigonga, bati huchanika, na benchi zima pamoja na watoto wanne waliolikalia huenda mbele kuwaponda waliokaa benchi lililotangulia.

Kwa hiyo mnunuzi asione haya kulala chini ya gari na tochi. Atazame kwa chini mahali pa kila mguu wa siti. Akikuta boliti imepita kwenye bati tupu na kufungwa kwa nati na waya, aondoke. Akikuta kutu imezunguka sehemu ya kuchomelea, aondoke haraka zaidi. Kisha apande juu ahesabu mikanda. Wakenya walilifikia jambo hili kwa sheria: waziri wao wa uchukuzi, John Michuki, alitoa kanuni mwaka 2003 zilizoanza kutumika Februari 2004, zikitaka kila kiti cha matatu kiwe na mkanda na kila gari liwe na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Matatu ziligoma, abiria wakatembea kwa miguu, lakini mikanda ikafungwa. Mambo yaliyofuata baadaye kuhusu utekelezaji wake ni mazungumzo ya siku nyingine. Ninachosema ni kwamba ikiwa serikali ya jirani ilitaka mkanda kwa abiria asiyejulikana jina, baba hana udhuru wa kumkosesha mkanda mwanawe.

Liko jambo la pili ambalo halisemwi kabisa katika maduka ya magari, nalo ni tabia ya gari lenyewe linapojaa. HiAce ikiwa tupu hudundadunda, kwa sababu springi zake za nyuma ni vyuma bapa vilivyopangwa kama vya lori dogo, vikisubiri mzigo. Ikijaa watu hutulia, na dereva hudhani imekuwa salama zaidi. Kumbe ni kinyume. Kila mtu anayepanda huongeza uzito juu na nyuma, na gari refu lenye mwili mwembamba uzito wake ukiwa juu hupinduka kirahisi linapokatwa kona ya ghafla. Marekani, ambako familia kubwa na makanisa yamekuwa yakitumia magari makubwa zaidi ya haya, ya watu 15, kama Ford na Chevrolet, mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilitoa onyo mwaka 2001. Iligundua kwamba katika ajali za gari moja pekee, magari hayo yakiwa na watu 10 au zaidi yalipinduka kwa kiwango cha karibu mara tatu ya yakiwa na watu pungufu ya 10. Gari ni lile lile na barabara ni ile ile, kilichoongezeka ni watu.

Tufanye nini basi, tuwaache watoto? Hapana. Yapo mambo ya kawaida ya kufanya. Kama gari halikujaa, watu wakae mbele ya ekseli ya nyuma, siti ya mwisho ibaki wazi. Mizigo ikae chini sakafuni. Hapa najua nawagusa wengi, kwa sababu safari ya kurudi kutoka Moshi bila mikungu ya ndizi juu ya keria huonekana kama safari ya mtu aliyefukuzwa nyumbani. Lakini keria yenye kilo 100 za ndizi na magunia ndiyo inayolifanya gari liyumbe pale linapopishana na basi kubwa. Ndizi zitumwe kwa basi hilo hilo.

Halafu matairi. Gari hili hutaka matairi ya kubebea mzigo, si ya gari ndogo hata kama yanaingia kwenye rimu. Upepo wake wa kutosha umeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa katika nguzo ya mlango wa dereva, na kwa kawaida matairi ya nyuma hutaka zaidi gari likijaa. Kijana wa kujaza upepo ana tabia ya kuweka yote sawa kwa makadirio, basi mwambie namba unayoitaka. Na ubavuni mwa tairi pana tarakimu nne ndani ya duara jembamba: ukikuta 2319, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi yaliyotumika hupakwa rangi nyeusi yakang'aa kama viatu vya bwana harusi. Tarakimu hizo hazipakiki.

Kuhusu uendeshaji sitakaa sana. Dereva anakaa juu ya magurudumu ya mbele, anaona mbali, na akina mama wengi walioanza kwa woga husema baada ya wiki mbili hawataki tena gari ya chini. Tatizo ni kwamba mbele yake hakuna boneti ya kupokea pigo, miguu yake ndiyo ya kwanza kufika kwenye ajali. Nafasi ya kumfuata aliye mbele iwe kubwa. Mlango wa kusukuma upo upande wa kushoto, upande wa ukingo wa barabara, na hiyo ni neema kwa watoto wanaoshuka shuleni. Injini ipo chini ya siti za mbele, kwa hiyo kukagua oili ni lazima uinue siti, na wavivu hawainui. Kama unapenda usingizi wa amani, chukua injini ya petroli ya lita 2.7, maana ile ya dizeli ya lita 3 yenye tabo hula kidogo lakini haipendi dizeli chafu, na matengenezo ya nozeli zake yakifika huomba fedha nyingi.

Na mafuta je? Tuseme gari linakwenda kilomita 9 kwa lita moja barabara kuu. Dar es Salaam hadi Moshi ni kama kilomita 560, hivyo utahitaji lita 62 hivi, yaani tangi moja, kwani tangi lake ni la lita 70. Magari mawili madogo yanayokwenda kilomita 13 kwa lita yangekula lita 86 kwa watu wale wale, na yangehitaji madereva wawili. Katika safari ndefu na watu wengi, kipanya ni rahisi. Balaa ni Jumatatu hadi Ijumaa, pale baba anapokwenda nalo kazini Posta peke yake, siti tisa tupu zikimfuata katika foleni. Asiyekuwa na njia nyingine ya kwenda kazini afikirie mara mbili.

Sasa nifike kwenye gharama ambayo haimo katika hati yoyote, nayo ni ukoo. Mwenye gari ndogo ana gari lake. Mwenye gari la watu 10 ana gari la watu. Ukitokea msiba Mkuranga, simu ya kwanza ni kwake. Kipaimara, mahafali, kumpeleka bibi harusi saluni, kupeleka posa Tanga, kubeba viti vya kikao, kote huko ataitwa, naye akikataa mara moja tu maneno yatatembea mpaka kijijini. Sisemi akatae. Kusaidiana katika shida ndiyo sifa tuliyobaki nayo mjini. Lakini naona familia nyingi zenye magari haya zinaumia kimyakimya, kwa sababu mafuta huchangwa na matairi hayachangwi. Kila mtu anaona sindano ya mafuta ikishuka, hakuna anayeiona breki ikilika.

Nimeona familia moja iliyoweka utaratibu ambao naupenda. Kwa msiba gari hutoka bila maswali, lakini huendeshwa na mwenye nyumba au mkewe tu, haliondoki usiku, na halichukui mtu wa 11. Kwa sherehe, anayeomba huandikiwa tarehe katika kalenda ya ukutani sebuleni, na tarehe ikiwa na jina la mwingine, basi imepita. Wajomba walinuna mwaka mzima. Sasa wanapiga simu kuuliza kalenda inasemaje.

Linakuja pia jaribu la biashara, tena huja na sura ya busara. Rafiki atakuambia: mbona gari linalala uani siku nzima, mpe kijana alipige njia, jioni akuletee hesabu, Jumapili uende nalo kanisani. Hesabu inavutia, hasa karo zinapofika. Lakini daladala ina masharti yake: leseni ya LATRA, namba nyeupe za biashara, bima ya kubeba abiria, na dereva mwenye daraja la leseni linalostahili. Na hata ukiyatimiza yote, gari linalosimama kila mita 300 na kubeba watu 20 kwa siti 14 haliwezi kuwa lile lile litakalobeba wanao kwenda Moshi mwezi Desemba likiwa na breki nzima. Kijana anataka kufikisha hesabu, na breki si sehemu ya hesabu yake. Mimi naona mtu achague moja. Akitaka biashara anunue gari la biashara.

Baina ya biashara kamili na matumizi ya nyumbani ipo njia nyembamba ambayo wengi wanapita bila kujua, yaani kuchukua watoto wa majirani kwenda shule kwa mchango wa mafuta, au kuwapeleka wanakwaya mkoani wakachangia "kidogo". Karatasi yako ya bima imeandikwa matumizi ya gari, na kwa gari la nyumbani imeandikwa matumizi binafsi. Ikitokea ajali siku ya mchango, kampuni ina kila sababu ya kuuliza kama pale palikuwa na nauli. Mzazi wa mtoto aliyeumia naye atauliza nani atalipa hospitali. Swali hilo liulizwe mapema, dirishani kwa wakala wa bima kabla ya kulipa, kwa kumtajia idadi ya watoto na kiasi cha mchango, na jibu lake litolewe kwa maandishi yenye mhuri.